Mulongo Alingoja Mwenzake Ajibu

Tangu nilipostaafu, wakunga wadogo wa kituo chetu wamekuwa wakija nyumbani kwangu Kamukuywa kuniuliza mambo. Mtoto akitanguliza mkono tulifanyaje zamani, kabla ya gari la wagonjwa? Kondo la nyuma likikwama je? Nimechoka kujibu huku chai inapoa, nikaona afadhali niandike. Mambo ya vyeo sitayataja, na ya mshahara hayajazi ukurasa.

Nilianza kazi mwaka uliofuata ule wa nzige, katika hospitali ya Waafrika pale Kitale. Nilikuwa msichana wa misheni, nimesoma hadi pale ambapo wasichana walisimamishwa ili waolewe. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa mgonjwa. Nilipewa ndoo. Mama Loisi, mkunga mkubwa wetu, alikuwa mwanamke mnene wa kutoka pande za Lwakhakha, mwenye mwendo wa polepole na macho ya haraka. Akanionyesha sakafu, akanionyesha chupa ya dawa, akasema, "Anza mlangoni, malizia dirishani."

Kesho yake akasema, "Leo anza dirishani."

"Kwani jana nilikosea wapi, mama?"

"Jana ulikuwa unaosha huku unaniangalia mimi. Leo angalia sakafu."

Vyombo vyetu havikuwa vingi. Tulikuwa na jiko la praimasi la kuchemshia mikasi na sindano, mabeseni ya enameli yaliyobanduka rangi, na mizani ya kuning'iniza watoto. Ndoano ya mizani hiyo ilipovunjika, fundi mmoja Kalasinga mjini alitutengenezea nyingine kwa chuma cha baiskeli, nami nilipohamishiwa huku nilikuja na mizani hiyo, na nyinyi mnaitumia mpaka leo bila kujua. Tulikuwa pia na kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Juma zima nilisikiliza nikadai nasikia moyo, kumbe nilikuwa nasikia tumbo la mama likisaga ugali. Mama Loisi alinijua. Alinishika kichwa akakisogeza kidogo kushoto, kama mtu anayesogeza chungu jikoni, na hapo nikasikia kweli. Nilitoa machozi. Akaniambia machozi yakiloanisha kipembe, mbao itapasuka.

Watu hupenda kukumbuka waliookoka. Mimi namkumbuka mama mmoja aliyeletwa kwa gari la ng'ombe kutoka shamba la Mzungu, amekaa na uchungu siku nyingi kuliko inavyofaa kusema. Mtoto alitoka akiwa amekwisha. Nilianza kukusanya vyombo haraka haraka, maana vyombo huwa havikuulizi kitu. Mama Loisi akanipokonya beseni. "Kaa naye," akasema. "Beseni litajiosha." Nikakaa na yule mama mpaka jioni. Alipoondoka alinishika mkono, na nikaelewa kwamba kazi yetu ina upande usio na dawa.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa zahanati ndogo huku kwetu Kamukuywa: chumba kimoja cha matofali, cha pili cha udongo, na foleni ndefu kuliko vyote viwili. Hapo ndipo nilipomzalisha Nafula mapacha wake.

Nafula alikuwa mke wa Wanyonyi, mwanamume aliyeendesha ng'ombe wa kulimia katika mashamba ya Wazungu upande wa Kitale, akarudi nyumbani kila alipopewa ruhusa. Waswahili wa pwani wana Kurwa na Doto. Sisi Wabukusu tuna Mukhwana na Mulongo. Anayetangulia kutoka ni Mukhwana, anayefuata ni Mulongo. Wote wawili walikuwa wasichana, wazima, wenye sauti.

Kila mtu kwetu anajua kwamba pacha hawabaguliwi: ukimpa huyu ndizi, mpe na yule. Lakini nyanya yao, tuliyemwita Kukhu, alikuwa na sheria moja zaidi, na hiyo aliishika kama amri ya kanisani. Mukhwana hutangulia. Mukhwana hunyonya kwanza, huvuka kizingiti kwanza, huitikia salamu kwanza. Hata walipokua wakaanza kutumwa dukani, mwenye duka aliwauliza shida yao, naye Mulongo akafunga mdomo mpaka mwenzake aseme.

Msidhani alikuwa hana la kusema. Walikuwa wakija kwangu kuchanjwa au kusafishwa vidonda, nikawauliza, "Mmekula?"

"Tumekula ugali," Mukhwana alijibu.

Kisha Mulongo: "Ugali wa wimbi. Na haukuiva."

Ndivyo walivyokuwa. Mmoja alifungua mlango wa maneno, mwingine akapita nao ndani kabisa. Mimi nilimpenda yule wa pili zaidi. Mkunga hatakiwi kusema hivyo, lakini nimeshastaafu.

Vita vikuu vilipokwisha akaja kwetu Misi Pelham. Alikuwa mama wa Kizungu asiye na mume, mrefu, mwenye ngozi iliyochomwa na jua letu, na kazi yake ilikuwa kupima akili za watoto. Kiswahili alijifunza vitabuni, kikawa kisafi kuliko chetu. Alitusalimu "Hamjambo" na kungoja tujibu "Hatujambo", nasi tulizoea "Jambo" tukapita. Alikuwa mtu mwema. Naliandika hili mapema kwa sababu baadaye mtadhani nimesahau. Kidonda cha mtoto hakikumtisha, alikula tulichokula, na hakupandisha sauti hata mara moja.

Alitaka mapacha. Alinieleza kwamba wakubwa wa elimu huko kwao walikuwa wanabishana kama akili ya mtu inatoka katika damu au katika malezi, na kwamba pacha ndio wanaoweza kuamua ubishi huo. Nikapewa kazi ya kuwaita watoto na kutafsiri, kwa kuwa watoto wetu walisema Kibukusu na Kiswahili cha sokoni tu.

Tulitumia kile chumba cha udongo. Mezani aliweka kadi za picha, vipande vya mbao, na saa ndogo iliyolia tik tik. Kadi moja ilikuwa na nyumba, na mtoto alitakiwa aseme nyumba ile imepungukiwa nini. Jibu lilikuwa ni bomba la moshi juu ya paa. Watoto walisema imepungukiwa na ghala, wengine wakasema mbona hakuna watu, waliohama ni kina nani. Yote yalihesabiwa makosa. Mtoto mwingine aliulizwa ana ndugu wangapi, akaniangalia mimi kwa hofu, maana kwetu watoto wa mtu hawahesabiwi kama mbuzi. Akanyamaza. Na kunyamaza kulihesabiwa pia.

Siku ya mapacha wa Nafula, Misi Pelham aliniambia nimlete mmoja, mwingine abaki nje chini ya dirisha na mama yake.

"Memsaabu," nikamwambia, "hawa wakae pamoja. Huyu mdogo hasemi kabla ya mkubwa."

"Nikiwaweka pamoja, mmoja atachukua jibu la mwenzake."

"Hachukui. Ana lake. Anangoja tu zamu yake."

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kukataa bila kufikiri. Kisha akasema, "Nesi Rasoa, kipimo hiki ni kilekile kwa watoto wote. Nikikibadilisha kwa ajili ya mmoja, hakitakuwa kipimo tena."

Mizani yangu pia sikuibadilisha kwa mtoto yeyote. Ila mizani haimwambii mtoto aongee.

Mukhwana aliingia, akajibu. Mengine alikosa, mengine alipata, akatoka akiruka. Mulongo aliingia, akaketi, akatazama mlango. Misi Pelham akamwonyesha kadi ya nyumba, nami nikatafsiri swali. Kimya. Akamwonyesha ya pili. Kimya. Saa iliendelea kulia. Mwishowe yule mtoto aliinama kwangu akaninong'oneza, "Dada amesema nini?"

"Anataka kujua dada yake alijibu nini," nikatafsiri.

Misi Pelham akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma, kama tunavyofanya tukiona mtoto mwenye mguu uliopinda. Akaniambia nimwambie asiogope. Mulongo hakuwa anaogopa. Alikuwa na adabu.

Baada ya wiki chache Misi Pelham alikuja nyumbani kwa Wanyonyi, nami nikafuatana naye. Alikuwa amepata nafasi moja katika shule ya bweni ya wasichana, mbali na kwetu, na kila gharama ingelipwa. Nafasi ilikuwa ya Mukhwana. Mulongo, alisema kwa upole, akili yake ni ya mtoto mdogo sana. Shule isingempokea, naye angeteseka bure huko. Kisha akaongeza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha, kwamba kuwaona wawili hao wakilelewa mbalimbali kungewafundisha wataalamu mengi. Angerudi baada ya miaka miwili kuwapima tena.

Kukhu alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Hakuinua uso. "Huyu mmoja akienda," akasema, "yule mwingine atajuaje kwamba kumekucha?"

Wanyonyi alikuwa amevua kofia, ameishika magotini. "Mama, nisikize. Shule ya bweni, ya msichana. Hapa Kamukuywa ni nani ameitiwa hiyo? Nikikataa, wote wawili watashika jembe. Nikikubali, moja atashika kalamu. Sasa mimi nifanye nini?"

Kukhu aliendelea kuchambua mboga. Hata leo nikiwaza sipati la kumjibu.

Nafula alinifuata mpaka kwenye ua wa miti. "Nesi, wewe umesoma. Niambie ukweli. Mtoto wangu hana akili?"

"Anazo, Mama Mukhwana. Tena nyingi."

"Si ungemwambia huyu Mzungu?"

"Nilimwambia."

"Kwa lugha gani?" akauliza. Hakuwa ananidhihaki. Alidhani labda ipo lugha ambayo sikuitumia.

Mukhwana aliondoka asubuhi ya Jumatatu kwa gari la Misi Pelham, akiwa na sanduku la bati na nguo mpya. Alilia sana. Mulongo hakulia. Alisimama barabarani mpaka vumbi likatua, kisha akarudi nyumbani, akasimama nje ya kizingiti. Kukhu alimwita aingie. Hakuingia. Ilibidi Nafula ambebe, mtoto mkubwa vile, amvushe.

Msimu mzima hakusema neno na mtu. Watu wakimsalimu aliwatazama usoni, akangoja, na wakipita akatazama chini. Nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi. Nilimpeleka kwa mwalimu wa shule ndogo ya kanisa, nikamwomba amketishe mbele na awe na subira. Mwalimu alikuwa kijana mzuri, lakini habari ilikuwa imeshafika. "Nesi, huyu si ndiye yule Mzungu alimpima akakuta hakuna kitu?" Akampokea kwa heshima yangu, akamweka nyuma, na mara kwa mara akamtuma maji mtoni wakati wenzake wanasoma. Habari hiyo ilizagaa hata sokoni. Watoto walimwimbia, "Hakuna Kitu!" Kabla ya hapo kijiji chetu hakikuwa na neno la kumwita mtoto mnyamavu. Baada ya hapo kilikuwa nalo, na lilikuwa limetoka kwenye chumba changu.

Siku moja, mvua zimeanza, alikuja zahanati peke yake, mguu umekatwa na jembe. Nikauliza kama nilivyowauliza wote, "Umekula?"

Akajibu papo hapo. "Bado." Sauti ilikuwa nzito, imekwaruza kwa kukaa bila kazi. Niliendelea kufunga bendeji kana kwamba hakuna kilichotokea. Alipoondoka nilifunga mlango nikakaa kitini. Nilipaswa kufurahi, na nilijilazimisha.

Misi Pelham alirudi kama alivyoahidi, nywele zimeingia mvi. Mukhwana aliletwa kutoka shuleni, amevaa viatu, anasema Kiingereza kidogo kwa sauti ya chini. Alipimwa kwanza. Alijua sasa bomba la moshi ni nini, kwani shule yao ilikuwa nalo. Alipata karibu yote.

Mulongo aliingia na kanga imefungwa kiunoni, ametoka kupalilia. Aliketi. Misi Pelham alisogeza kadi polepole, kwa upole ule ule wa zamani. Mulongo akajibu. Akasogezewa nyingine, akajibu. Vipande vya mbao alivipanga kabla sijamaliza kutafsiri. Kwenye picha ya nyumba akasema, "Moshi hauna pa kutokea, labda watu wake hawapiki." Misi Pelham akacheka kwa furaha, akamhesabia jibu hilo. Nami nilikuwa natazama macho ya mtoto. Hayakuelekea mlangoni hata mara moja.

Nafula alikuwa nje, anasikia kupitia dirishani. Nilipotoka nilimkuta ameketi chini, ameziba mdomo kwa kitambaa.

"Amejibu yote," nikamwambia.

"Nimesikia," akasema. "Hakumwuliza mwenzake. Amemzika."

Ndani, Misi Pelham alikuwa amesimama dirishani ameshika kadi zake. "Nesi, nilikosea juu ya mtoto huyu," akasema. "Nilikosea sana. Lakini amebadilikaje? Nani alimfundisha?"

"Hakuna aliyemfundisha, Memsaabu. Hangoji mtu tena."

Nadhani alinielewa, kwa sababu hakuniuliza tena, na uso wake ulizeeka palepale. Ndipo akafanya jambo ambalo wengine wasingelifanya. Alikwenda mwenyewe mpaka shule ile ya bweni, akabishana nao, akarudi na nafasi ya Mulongo. Ingekuwa katika darasa la wanaoanza, miongoni mwa watoto wadogo, lakini ilikuwa nafasi.

Mulongo aliisikiliza habari hiyo akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Niende nikakae na watoto wachanga?" akaniuliza mimi, si Misi Pelham. "Halafu yule akipita na wenzake, aseme huyu ni nani wake?"

"Aseme ni dada yake. Mulongo, mwanangu, hii ni bahati."

"Si mlisema sina akili? Mimi nilikuwa nangoja tu, mama. Sasa nimezoea." Akaokota jembe lake. "Mahindi yameingiliwa na magugu."

Baba yake alimsihi, mama yake akalia. Hakwenda. Jioni ile niliwaona mapacha wakirudi nyumbani. Mukhwana alitangulia na viatu mkononi, ili asimtie mwenzake aibu. Alisimama, akageuka, akangoja. Mulongo alivuka barabara akapita upande wa pili, bila hasira, kama mtu anayempisha mgeni.

Misi Pelham aliondoka nchini baada ya hapo. Sijui wakubwa wake waliamua nini kuhusu damu na malezi.

Miaka yangu ya mwisho niliifanyia Bungoma, katika wodi ya wazazi. Mulongo alikuwa ameshaolewa Lwakhakha na mfanyabiashara wa kahawa na chumvi, mtu mpole. Mukhwana alimaliza shule, akasomea unesi, akaomba apangiwe kwangu. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Nilimwanzisha mlangoni, na kesho yake dirishani. Ana mikono mizuri kuliko yangu. Ni yeye aliyeniambia niandike haya yote na nisibadilishe majina yao ya kuzaliwa. "Wakunga wajue," alisema, na hakusema zaidi.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu, mume wa Mulongo alimleta kwa basi, mtoto wa kwanza amekaa vibaya tumboni. Mimi nilikuwa na mzazi mwingine aliyekuwa anapoteza damu. Hakukuwa na mkono mwingine ila wa Mukhwana. Niliwaacha pamoja nyuma ya pazia, na kila nilipopita nilisikia sauti moja tu, ya Mukhwana, ikisema kwa utulivu, "Pumua. Bado kidogo. Usisukume." Alimgeuza yule mtoto kwa mikono yake mitupu, jambo ambalo mimi nililiweza mara chache sana. Mchana, jua likiwa limesimama, msichana alizaliwa, analia kwa nguvu.

Mulongo alikaa kwetu mpaka alipopata nguvu. Mukhwana alimletea uji kila asubuhi, akamwoshea mtoto, akamfunga kitovu. Nilijipa kazi upande wa pili wa wodi, nikingoja nimsikie Mulongo akimwita dada yake kwa jina. Nilidhani uchungu wa kuzaa ungelegeza kitu.

Siku ya kuondoka, mume alikuwa nje na mizigo. Mulongo alimfunga mtoto mgongoni, akasimama mbele ya dada yake. Sura ni moja, urefu ni mmoja, ila mmoja ana kanga na mwingine ana kofia nyeupe. Akampa mkono kwa heshima, akiwa ameshika kiwiko kwa mkono wa pili, kama tunavyompa mkubwa asiye wa nyumbani.

"Asante sana, nesi," akasema. "Mungu akubariki na kazi yako."

Mukhwana alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta neno, nikamwona akiliacha.

"Mtoto akipata homa," akamjibu kama tunavyowajibu wazazi wote, "mrudishe haraka."

Kisha akarudi ndani, akatandua shuka za kile kitanda.